Maji ya Kunawa

Pembe ya chini ya kioo ilikuwa imewaka.

Nakijwa aliinama, akafuta umande kwa kiganja, akatazama tena. Kioo kilipachikwa kwenye ukuta wa ndiva, lile bwawa la mawe ambalo watu wa Ikongwe walikusanyia maji ya chemchemi tangu enzi za mababu zao. Nyuma yake nyuzi za utando zilipanda kutoka udongoni, nyeupe na nyembamba kama nywele za kichanga. Kila zilipopeleka maji kwenye shamba fulani, mahali pa shamba hilo palitoa mwanga wa kijani hafifu, kila mkulima na kijani chake. Mteremko wote ulionekana pale, ngazi juu ya ngazi. Shamba la wifi yake Namkunda, ngazi ya mwisho kabla ya korongo, lilikuwa giza tangu kipupwe. Asubuhi hii liling'aa kuliko hata la Nakijwa mwenyewe.

Alipaswa kufurahi. Badala yake aliacha jembe pale pale ukutani, akateremka mbio, akikata kona za njia na kukanyaga majani ya watu.

Namkunda alikuwa katikati ya hoho zake. Zilikuwa zimenyanyuka. Wiki iliyopita zilining'inia kama vitambaa vya kudekia, na sasa majani yalisimama na matunda yalikuwa yamejaa, mengine yakianza kuwa mekundu mabegani. Namkunda mwenyewe hakusimama vizuri hivyo. Alikuwa ameegemea mti wa kuegeshea miche, mkono mmoja kiunoni, na ndara zake alikuwa amezikata kamba za juu kwa kisu ili miguu ipate nafasi.

"Wamerudi, wifi," alisema. Alichimbua udongo kidogo kwa kidole, akaonyesha nyuzi nyeupe zilizojisokota kwenye mizizi. "Njoo uwaone."

"Vidonge viko wapi?"

"Salamu kwanza. Siku hizi hatuamkiani?"

"Umeamkaje?"

"Nimeamka nikiwa nimekaa. Kwa hiyo sikupata taabu ya kuinuka."

Nakijwa hakucheka. Mtu mwenye moyo mgonjwa kama wa Namkunda alipoacha dawa, maji yalimpanda kifuani, akalala ameketi kama mlinzi wa duka. Alijua hilo kwa sababu ndiye aliyempeleka hospitali mara ya kwanza.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipopanda tena karoti kwako juzijuzi. Nilikaa siku chache nikaona zile nyuzi zinachungulia kwenye tuta la kwanza. Nikasema, kumbe."

"Kumbe nini?"

"Kumbe shamba langu halikunikataa mimi. Lilikataa dawa."

*

Hakuna aliyekusudia hivyo.

Zamani maji ya ndiva yaliteremka kwa mifereji, kila nyumba kwa zamu yake. Kisha jua likawa kali kiasi kwamba lilikunywa nusu ya maji kabla hayajafika ngazi za kati, na ngazi za chini zikaanza kuhamwa. Ndipo utando ulipoletwa, ukiwa kimea ndani ya ndoo zenye vifuniko, mfano wa maziwa ya kugandisha mengine. Ulikuwa jamii ya uyoga, uliotengenezwa maabara ili usichoke kutambaa. Ulinyonya maji ndivani na kuyapitisha chini ya ardhi, mzizi hadi mzizi, mahali ambapo jua halikuwa na mkono.

Wataalamu waliouleta walitaka ugawe sawasawa. Watu wa Ikongwe walikataa. Wao walikuwa na sheria yao: asiyekuja msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na kuvuniana, hapati zamu. Kwa nini uyoga uwe mkarimu kuliko wenye maji? Wakaufundisha kutambua mikono. Ulionja chumvi ya jasho na vijidudu vya ngozi vilivyobaki udongoni, ukajua nani amelima wapi. Palipofanya kazi mkono, ulipeleka maji. Palipolala, ulipaacha palale. Misimu miwili ilitosha kuufundisha, na baada ya hapo ugomvi wa maji ukaisha. Hata kesi za mipaka zilikwisha, jambo ambalo Upareni lilikuwa muujiza mkubwa kuliko uyoga wenyewe, kwa kuwa baraza lilikata shauri kwa kutazama kioo tu. Shamba liliufuata mkono unaolilima.

Lilikuwa kosa ambalo lingefanywa na watu wanaopenda kazi tu. Walimfikiria mvivu kwa kila upande. Hawakumfikiria mtu anayelima kuliko wote, huku jasho lake limebadilika chumvi kwa sababu ya dawa ya kumtoa maji mwilini. Utando ulilionja jasho hilo kama sumu, ukajikunja, ukarudi ulikotoka.

*

"Nitakulimia mimi," alisema Nakijwa.

"Ulinilimia masika. Karoti zako zilitokaje?"

Nakijwa alizikumbuka vizuri. Utando ulikuwa umeugawa mkono wake mara mbili, na karoti zake zikatoka na mikia ya panya.

"Na kioo kikaanza kuonyesha shamba langu kwa rangi yako," Namkunda aliendelea, bila hasira. "Msimu mmoja zaidi, baraza lingesema ni lako. Mimi ni mjane wa kaka yako. Unajua wangesemaje? Dada wa marehemu amerudisha ardhi ya kwao. Nawe usingekuwa umetaka."

"Basi tuwaambie unaumwa."

"Usithubutu."

"Wifi..."

"Sikiliza. Wakijua naumwa watanihurumia. Mtu anayehurumiwa hapangiwi zamu. Na asiyepangiwa zamu hapa ameshahamishwa, bado kubeba godoro tu. Watampigia mwanangu simu aje anichukue, nikakae kule tambarare kwenye kibaraza chake, niwe naulizwa kama nimekula." Alisimama kuvuta pumzi. "Niache nivune hoho hizi. Nipande kabichi. Nikishaona zimeshika nitameza."

"Kabichi zikishika kutakuwa na palizi."

"Itakuwepo."

"Na baada ya palizi?"

Namkunda alikwanyua jani lililoliwa na wadudu, akalitazama pande zote mbili kama mtu anayenunua. "Mtunza ndiva ni wewe," alisema. "Niambie nifanyeje. Nikimeza, mkono wangu ni mgeni kwenye shamba langu. Nisipomeza, hoho zinasimama. Ungekuwa wewe?"

Nakijwa alitazama hoho. Zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomkera, uzuri wake, na jinsi kila jani lilivyoonekana limenywa kutoka mahali fulani.

*

Mwenyekiti Elinami alikuwa anapanga makreti mbele ya ghala. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kuitia mbuzi, na aliwahi kupeleka kesi ya kuku mmoja hadi wilayani na kushinda.

"Nimeona pembe ya chini imewaka," alisema kabla Nakijwa hajakaribia. "Afadhali. Maneno yalikuwa mengi."

"Maneno gani?"

"Kwamba wifi yako siku hizi analima kwa mdomo. Mama Senzia anasema ana mkono wa kiangazi. Sehemu aliyopanda saladi za watu kwenye msaragambo uliopita, saladi zimekufa mstari mzima."

"Mama Senzia saladi zake zikipigwa na mvua ya mawe atasema Namkunda alipiga chafya."

Elinami alicheka, kisha akaacha. "Anaumwa?"

Swali lilimjia bila kujiandaa, kama jiwe linalotoka ukutani. Nakijwa aliokota kamba chini, akaanza kuikunja.

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza mwaka mzima kwa macho. Anajibu kwa mgongo."

"Mwenyekiti, tuseme mtu analima lakini utando haumjui. Hauwezi kufundishwa upya?"

"Kufundishwa nini? Huruma?" Alipigapiga kreti hadi msumari ulioinuka ukazama. "Ukishajua huruma, utamhurumia nani kwanza? Mbazi, anayeuza vipuri vya pikipiki mjini na kuja hapa siku ya kuvuna amevaa viatu vyeupe. Na kufundisha upya ni kuukausha kwanza. Msimu mzima bila maji, mteremko wote. Utawaambia nini watu?"

Hakuwa amekosea. Nakijwa alijua hivyo, na kujua kulimwongezea kiwewe. Alikuwa ameapa, mkono wake ukiwa ndani ya maji ya ndiva na mteremko wote ukimtazama, kwamba hatatoa wala kupunguza maji ya mtu bila mwenyewe kujua.

"Msaragambo ni Ijumaa, tuwahi gulio la Jumamosi," alisema Elinami. "Tunavuna hoho, tunapanda kabichi humo humo. Wewe utanawisha watu kama kawaida. Na maji ya kunawa yamwagwe mwambani, tafadhali. Si kama mwaka ule kwenye kitalu."

Mwaka ule mtu alikuwa amemwaga beseni la kunawia kwenye kitalu cha miche. Chumvi ya mikono yote ilikuwa humo, nzito kuliko jasho la siku moja ya msaragambo, na utando ukapeleka maji pale kutoka kila upande. Kwenye kioo kitalu kikageuka cheupe kama ukungu, hakisomeki ni cha nani, hadi msimu ulipokwisha.

Nakijwa alikwisha kupiga hatua kadhaa njiani. Akasimama. Akageuka kumtazama Elinami, naye alikuwa ameshainamia kreti jingine.

*

Ijumaa walianzia ngazi za juu na kushuka. Wanaume na wanawake walikwenda kwa mstari, wakikata hoho kwa visu vifupi na kuacha kikonyo, kwa sababu hoho isiyo na kikonyo huoza kabla ya kufika sokoni. Nyuma yao wengine waling'oa miche iliyokwisha kazi, wakalainisha tuta, wakapanda kabichi mahali pale pale. Udongo haukuachwa wazi hata kidogo. Utando haukupenda nafasi.

Namkunda alikata mstari wake kwa kasi ya ajabu. Alitaniana na kila mtu. Alimwambia Mbazi, ambaye kweli alikuja na viatu vyeupe, "Shemeji, vua hivyo, utando utadhani wewe ni daktari." Watu walicheka. Nakijwa, ngazi moja juu yake, hakuweza kuondoa macho. Alihesabu pumzi za wifi yake badala ya hoho, na mara mbili nusura ajikate kidole.

Walipofika ngazi ya chini, Namkunda aliinua kreti lililojaa, akatembea nalo, akapiga goti.

"Nimeteleza," alisema.

Palikuwa pakavu. Kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau iliyokaribia kuiva. Elinami, aliyekuwa karibu, alilichukua kreti bila kusema kitu, na hilo lilimtisha Nakijwa zaidi kuliko kama angefoka.

Chakula kilikuwa makande, sufuria kubwa kwenye mafiga kando ya korongo. Watu walikaa nyasini. Nakijwa alichukua jagi na beseni. Kwa desturi mtunza ndiva ndiye aliyenawisha watu wa msaragambo, mmoja mmoja, kabla ya kula.

Mama Senzia alikunjua mikono. Alikuwa mwanamke mnene, nadhifu, aliyefunga kilemba hata shambani. "Sabuni iko wapi?"

"Leo hakuna."

"Hakuna sabuni, na mikono yenyewe hii?"

Elinami alikwisha kunawa, akawa anajipangusa kwa suruali. Aliinua kichwa. Sabuni iliua utando. Kila mtu alijua. Alitazama beseni, akamtazama Namkunda aliyekaa ameegemea jiwe, miguu ameinyoosha mbele kama magogo mawili. Akatazama matuta ya kabichi changa nyuma yake.

Nakijwa aliweka jagi chini. Alikuwa amepanga kunyamaza na kumwaga wakati watu wanakula. Alilala na mpango huo, akaamka nao. Sasa ulikataa kutoka.

"Maji haya leo hayaendi mwambani," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze. "Yanakwenda ngazi hii ya chini. Asiyetaka asinawe kwenye beseni langu. Mfereji uko pale."

"Kwa nini?" mtu aliuliza.

"Siwezi kusema."

"Shamba likisomeka la wote, litakuwa la nani?" Huyo alikuwa Mbazi.

"Likiwa la wote hakuna wa kulidai. Mwenyewe atabaki juu yake."

"Na sisi tutapungukiwa?" Mama Senzia hakuwa amekunja mikono bado. Ilikuwa hewani, imejaa udongo.

"Kila mmoja kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sijui, Mama Senzia. Ningejua ningekwambia."

Namkunda alikuwa amegeuzia uso korongoni. Mgongo wake ulikwenda juu na chini, haraka.

Mama Senzia alishusha mikono. "Mimi nina saladi changa," alisema, si kwa ukali. "Saladi haijui kidogo." Akainuka, akaenda mfereji wa zamani uliobaki na maji ya mvua, akachutama na kunawa huko peke yake. Hakuna aliyemsema. Watu wawili walimfuata, wakiangalia chini.

Wengine walibaki wamekaa. Makande yalichemka na kutoa povu pembeni.

Elinami alikuja mbele ya beseni, akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko.

"Mimina tena," alisema. "Ile ya kwanza nilinawa harakaharaka."

Nakijwa alimimina. Elinami alisugua kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka maji ya beseni yakawa kahawia. Alisugua kama mtu anayetaka kuacha ngozi humo.

"Kesi ya kuku," alimnong'oneza Nakijwa, "nilishinda kwa kuwa nilikuwa na haki. Kuku mwenyewe alishakufa."

Kisha akageuka na kupaza ile sauti ya mbuzi. "Mnangoja nini? Makande yakipoa mtamshtaki nani?"

Walikuja, si wote. Mbazi alikuja wa mwisho, akanawa kwa ncha za vidole, akaguna kwamba maji ni ya baridi.

*

Walimwaga wawili, Nakijwa na Namkunda, kila mmoja ameshika ukingo wa beseni, kutoka tuta hadi tuta. Namkunda alisimama mara kwa mara kupumua. Beseni lilipobaki tupu alifungua pindo la khanga. Vidonge vilikuwa humo siku zote, amevifunga kama hela ya sadaka.

"Nikivimeza, kesho sitaweza kugusa hata mche mmoja," alisema. "Nitaziua kabichi."

"Hutagusa."

"Halafu nitakuwa nani hapa?"

Nakijwa alimpa bakuli lake la makande. Namkunda aliweka kidonge ulimini, akakisukuma kwa mchuzi wa maharage, akakunja uso.

"Kichungu," alisema. "Na makande hayana chumvi."

Asubuhi Nakijwa alifika ndivani kabla jua halijapanda juu ya mgongo wa mlima. Hakufuta umande mara moja. Alikaa kidogo ukutani, akatafuna kucha, akasimama, akakaa tena. Mwishowe alifuta.

Pembe ya chini ilikuwa imewaka mwanga mweupe, wa ukungu. Mashamba mengine yalikuwa yamefifia, lake miongoni mwao, lake labda zaidi. Saladi za Mama Senzia ziliwaka kijani kama jana. Nakijwa alizitazama muda mrefu na hakujua amchukie mtu au la. Ingekuwaje vuli ikichelewa? Ingekuwaje utando ukizoea, ukaacha kabisa kusoma mikono? Alikuwa amefungua mlango, na hakujua mtu mwingine angepitisha nini hapo.

Alisikia mtu akipanda njia, akisimama, akipanda, akisimama. Namkunda alitokeza, akashika ukuta wa ndiva kwa mikono miwili.

"Ipo?"

"Ipo."

"Inasomeka ya nani?"

"Haisomeki."

Namkunda alicheka mpaka ikabidi akae chini. Alipotulia alijifuta macho kwa pindo la khanga.

"Haya. Msaragambo ujao unanipanga wapi? Usiniambie nipumzike."

Nakijwa aliinama nyuma ya ukuta, akatoa jagi, akamwekea mapajani.

"Wewe ndiye utakayenawisha watu. Mkono wako utagusa jagi tu."

Namkunda aliligeuza jagi, akakagua mdomo wake uliobonyea. "Na wakikataa kunawa?"

"Basi wewe utasimama na jagi, nao watasimama na njaa."

"Nani atachoka kwanza?"

Nakijwa alitazama tena kioo, ule mwanga mweupe na ile ya kijani iliyopungua. Chini, mtu alikuwa tayari anapalilia. Jembe lilisikika likigonga kokoto.

"Sijui, wifi," alisema. "Lijaze kwanza."